Mtoto Huyu Ni wa Nani?

Habari za kale za kulea watoto wa wengine, na mafundisho yake kwa jamaa zetu



Tuseme ni jioni. Moto unawaka jikoni, chungu cha maharagwe kiko juu ya mafiga, na watoto wa nyumba wameketi wakingoja. Katekista anapiga hodi. Nyuma yake amesimama mtoto wa miaka 6 au 7, miguu imejaa vumbi. Watu wa kijiji chake wamekimbia vita, na njiani alipotezana na mama yake. «Mama,» asema katekista, «umpokee huyu kwa siku chache, mpaka tupate habari za watu wake.»

Siku chache zaweza kuwa mwezi. Zaweza kuwa miaka mitano. Yule mama anamnawisha mtoto mikono, anamketisha kati ya watoto wake, anampa chakula. Usiku, watoto wakiisha kulala, mke na mume wanaulizana kwa sauti ndogo: Mtoto huyu ni wa nani?

Swali hili si jipya. Liliulizwa kandokando ya ziwa Tanganyika zaidi ya miaka 140 iliyopita, maana misioni zetu za kwanza zilianza na watoto wa namna hiyo. Wengine walilijibu vizuri, wengine vibaya. Na mara nyingine watu wale wale walilijibu vizuri na vibaya pamoja. Tuangalie basi habari hizo. Hatuziangalii kwa kusifu tu, wala kwa kulaumu tu. Tunatafuta akili, kwa ajili ya mtoto aliye mlangoni petu leo.

DESTURI YA WAZEE WETU

Kabla ya misioni, wazee wetu walijua kulea. Kati ya Watabwa wa Mpala na Moba, ukoo huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mtoto aliyefiwa alikuwa na mjomba wake, na mjomba hakuweza kusema, «Simjui.» Kati ya Washi wa Bukavu, ukoo huhesabiwa upande wa baba, huko baba mkubwa au baba mdogo ndiye aliyeitwa. Hata mtoto mwenye wazazi wazima aliweza kupelekwa kukaa kwa bibi yake, amtekee maji na kumwashia moto, naye bibi amfundishe adabu na hadithi. Hakuna aliyeona ajabu. Mkono mmoja haulei mwana.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na mpaka wake. Ilimlinda mtoto mwenye ndugu. Je, yule aliyetekwa usiku, akavushwa mito na milima hata nchi ambayo lugha yake haijulikani? Huyo hakuwa na mjomba wala shangazi. Na katika nchi nyingi za Afrika, mtumwa ndiye hasa mtu asiye na jamaa: hakuna wa kumdai, hakuna wa kumtetea, hakuna wa kumlilia. Minyororo ilimwumiza miguu, lakini kukosa watu kulimwumiza zaidi.

Tena wazee hawakujidanganya. Walisema: Yatima hadeki. Methali hiyo haisemi kwamba ni vema mtoto yatima asibembelezwe. Inasema tu jinsi mambo yalivyo katika nyumba nyingi. Mtoto wa nyumba akinung'unika, anaongezewa chakula. Yatima akinung'unika, anaambiwa hana shukrani.

ASKOFU WA ALJERI NA WATOTO WA NJAA

Ili kufahamu misioni za ziwa letu, yatupasa kwanza kutazama mbali, Aljeria, kaskazini ya Afrika. Katika miaka ya 1867 na 1868 nchi ile ilipatwa na kipindupindu, kisha na njaa kali. Watu wengi walikufa, na watoto walitangatanga njiani. Askofu mkuu wa Aljeri, Charles Lavigerie, aliwakusanya zaidi ya 1,700. Wengi walifika wamedhoofika mno, wakafa mikononi mwa Masista. Katika taabu hiyo alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, ndio tunaowaita Mapadri Weupe, na mwaka 1869 shirika la Masista Weupe. Twaweza kusema kwamba mashirika haya mawili yalizaliwa kando ya mkeka wa mtoto mgonjwa.

Njaa ilipopita, ugomvi ukazuka. Gavana wa Aljeria, Mac-Mahon, alitaka watoto warudishwe kwa makabila yao, ambayo yalikuwa ya Waislamu. Lavigerie alikataa. Aliona kwamba aliyemwokoa mtoto na kifo ana haki juu yake. Gavana naye aliogopa fitina kati ya serikali na wenyeji. Wakubwa wawili wakashindana kwa barua, na ndugu wa watoto wale hawakuwa na nafasi katika shauri hilo. Mtoto huyu ni wa nani? Hapo ndipo swali letu linapotokea kwa mara ya kwanza katika historia ya Mapadri Weupe.

DAMU YA RUMONGE

Mwaka 1878 Lavigerie alituma wamisionari wa kwanza kwenda kwenye maziwa makubwa, na mwanzoni mwa 1879 walifika Ujiji. Siku hizo Ujiji palikuwa soko na njia ya watumwa waliotoka Manyema na nchi nyingine za Kongo. Wamisionari waliwakomboa watoto kwa kutoa nguo na mali nyingine. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, liliwachangisha watoto Wakristu wa Ulaya kwa kazi ya namna hiyo. Kazi hiyo ilikuwa ya huruma, lakini ilikuwa na hatari ndani yake: mali iliyomkomboa mtoto mmoja iliweza kumpa mfanyabiashara nguvu ya kwenda kuteka mwingine.

Katika mwaka ule ule wa 1879, misioni ilianzishwa Rumonge, katika nchi ya Burundi ya leo, na watoto wakakusanywa hapo. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa: Padri Deniaud, Padri Augier, na msaidizi wao Mbelgiji, D'Hoop. Ugomvi ulianzia wapi? Ulianzia kwa mtoto mmoja wa kituo. Misioni ilisema ni wake. Watu wa jirani walisema si wake. Hakupatikana mtu wa kuamua neno lile kwa amani, na mishale ikaamua.

Tuwaheshimu wale waliomwaga damu yao. Lakini tusisahau sababu. Mtoto si kitu kidogo. Mtu anayemwingiza mtoto nyumbani mwake anaingia pia katika habari za ukoo wake, za machozi yake, na za watu wanaomtafuta. Asiyetaka kuzijua habari hizo hajawa mlezi bado.

MPALA, KIBANGA NA KAREMA

Baadaye misioni zilisimama imara zaidi. Kibanga, upande wa Kongo, ilianzishwa mwaka 1883. Mwaka ule ule Kapiteni Storms wa Ubelgiji alijenga boma la Mpala, na mwaka 1885 boma hilo lilipewa Mapadri Weupe pamoja na lile la Karema, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1887 Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuja kuwalinda watu wa pande za Mpala na wateka-watumwa. Alioa mke wa nchi hiyo, akakaa nasi hata alipofariki mwaka 1927.

Katika misioni hizo watoto waliokombolewa walikuwa wengi kuliko wakristu watu wazima. Asubuhi walisali na kusoma, kisha walikwenda shamba. Walipokua waliozana wao kwa wao, wakapewa mahali pa kujenga na pa kulima, na hivyo vijiji vya Wakristu vikazaliwa. Katika mambo ya ndoa mapadri walishika nafasi ya wazazi.

Lavigerie alikuwa ametoa agizo lenye hekima. Hakutaka watoto wale wageuzwe kuwa Wazungu. Chakula chao, mavazi yao na lugha yao viwe vya Kiafrika, ili wakikua waweze kuishi na watu wa nchi na kuwasaidia. Agizo hilo halikufuatwa siku zote na mahali pote. Lakini lilikuwa jema: mlezi asimfanye mtoto kuwa mgeni kwa watu wake.

Je, watoto walifurahi? Wengine walipata amani waliyokuwa wameikosa kabisa. Wengine walitoroka. Tusishangae. Nyumba kubwa yenye watoto wengi na kengele moja yaweza kumshibisha mtoto, ikamfundisha, ikamtibu. Lakini ni vigumu ijue kwamba huyu huogopa giza, na yule hawezi kulala asipokuwa na ndugu yake kando. Mambo hayo huyajua mama mmoja katika nyumba moja.

MGANGA WA KAREMA

Tumtazame mmoja wa waliokombolewa. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 kandokando ya mto Niger, pande za Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri Weupe walimkomboa katika Aljeria, naye alikuwa na miaka ipatayo 10. Lavigerie alimtuma kisiwa cha Malta ajifunze uganga pamoja na vijana wengine Waafrika, ili wawe waganga na makatekista pamoja. Mwaka 1889 alifika Karema. Huko alioa, na mtoto wake Yosefu akawa padri. Aliwatibu wagonjwa na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956: miaka 67 katika misioni moja!

Ni nini kilichomsaidia? Kwanza, walezi wake walimtazama kama mtu mwenye kesho. Hawakumfundisha kufagia ua na kubeba mizigo tu; walimpa kazi ya heshima, ambayo wakati ule watu wengi hawakufikiri kwamba Mwafrika aiweza. Pili, alipewa nafasi ya kuwa na nyumba yake na jamaa yake, hata mtu aliyeporwa ndugu zake wote akawa baba wa wengine. Tatu, jina lake halikufutwa. Alibatizwa Adrien, lakini aliendelea kuitwa Atiman, jina la kwao, na kwa jina hilo anakumbukwa hata leo.

Walakini jambo moja hakuna mlezi aliyeweza kumpa. Mwaka 1946 habari za maisha yake, zilizosemwa naye mwenyewe, zilipigwa chapa Tanganyika. Alikuwa mzee wa miaka 80, mwenye heshima na wajukuu wa kiroho wasiohesabika. Walakini aliweza bado kusimulia habari za kwao, na siku alipotekwa. Miaka 70 haikufuta. Basi mlezi asidhani kwamba chakula kizuri kitamsahaulisha mtoto mama yake. Wala asione wivu. Moyo wa mtoto una nafasi ya mama wawili, asipolazimishwa kuchagua.

SERIKALI ILIPOJIFANYA BABA

Ziwani misioni ilikuwa ndogo, na mtoto aliweza angalau kujulikana kwa jina. Sasa tuone mambo yalivyokuwa serikali ilipolishika jambo hili kwa nguvu zake.

Tarehe 12 Julai 1890 mfalme Leopold II alitoa amri katika nchi ya Kongo: watoto waliokombolewa utumwani, na watoto walioachwa, wawe chini ya ulezi wa serikali. Ukisoma maneno hayo peke yake, ni mazuri. Lakini serikali ile ilikuwa inatafuta askari na wafanya kazi. Ilifungua makoloni ya shule Boma na Nouvelle-Anvers, ambayo leo ni Makanza, na wavulana wengi wa huko walitayarishwa kuwa askari. Wengi walikufa kwa magonjwa na kwa uchovu wa safari kabla ya kufika.

Amri ya pili, ya tarehe 4 Machi 1892, iliruhusu mashirika ya dini kuwakusanya watoto wa namna hiyo na kuwa walezi wao mbele ya sheria. Katika nchi za Kongo ya chini watoto waliwekwa katika mashamba ya misioni, mbali kidogo na vijiji, kila shamba na kanisa lake dogo. Kisha, katika miaka ya 1904 na 1905, tume ya uchunguzi ilizunguka Kongo. Taarifa yake ya mwaka 1905 ilisema jambo zito: watu wengi waliokaa katika mashamba yale hawakuwa yatima hata kidogo. Walikuwa na ndugu zao vijijini. Wamisionari walijitetea, na mabishano yalikuwa makali. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa, na lafaa tulishike: kumwita mtoto «yatima» ni njia rahisi ya kuwanyamazisha ndugu zake.

WATOTO WA SAVE NA KATENDE

Habari ya mwisho ya kale ni ya uchungu kuliko zote, na hatuwezi kuiruka, maana inahusu nyumba zilizoshikwa na watu wa Kanisa.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, wanaume Wazungu walizaa watoto na wanawake wa Kongo, wa Rwanda na wa Burundi. Serikali iliwaogopa watoto hao. Iliona kwamba mtoto mwenye damu ya Kizungu asikae kijijini, wala asikae kati ya Wazungu. Basi watumishi wake waliwatafuta kijiji kwa kijiji, wakawatoa kwa mama zao na kuwapeleka katika nyumba za misioni. Moja ilikuwa Save, katika Rwanda. Nyingine ilikuwa Katende, katika Kasai. Mama zao walikuwa hai. Walijulikana majina. Wengine walitembea siku nyingi wakitafuta watoto wao.

Kati ya miaka ya 1959 na 1962 watoto wapatao 300 wa Save walipelekwa Ubelgiji, wakagawanywa katika jamaa za walezi na katika nyumba za watoto. Mara nyingi kaka alipelekwa huku na dada kule. Wengine walibadilishwa majina, hata walipokuwa watu wazima hawakujua waanzie wapi kuwatafuta mama zao. Watoto wa Katende wao waliachwa nyuma katika machafuko baada ya uhuru wa mwaka 1960.

Kweli ilichelewa, lakini ilikuja. Mwezi wa Aprili 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha mbele ya bunge. Kisha tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ilitoa hukumu kwa ajili ya wanawake 5 waliotolewa kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka 7, wakalelewa Katende. Mahakama ilisema kwamba jambo walilotendewa na serikali ya Ubelgiji ni kosa dhidi ya ubinadamu. Wanawake hao walikuwa bibi wazee wa miaka zaidi ya 70.

Tuangalie vizuri. Watoto wale walipata mahali pa kulala, walisoma, walisali. Na bado ni kosa kubwa. Kwa nini? Kwa sababu nyumba iliyowapokea haikujibu haja ya mtoto. Ilijibu haja ya serikali. Ulezi wa kweli huanza na mtoto aliyekosa mtu. Haumfanyi mtoto akose mtu.

SHERIA ZA LEO

Mambo haya ya uchungu hayakupotea bure. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana Mapatano ya Haki za Mtoto, na nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1990. Mapatano hayo yasema kwamba mtoto aliyekosa jamaa yake anastahili ulinzi, kama vile kuwekwa katika jamaa ya walezi. Tena kwamba watu watazame malezi yake ya kwanza, dini yake, kabila lake na lugha yake. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa mashauri zaidi: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe bila sababu kubwa.

Katika Kongo tunayo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Yeyote ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto. Sheria hiyo iliweka mahakama za watoto, nayo inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Jambo hili la mwisho linatuhusu sana, maana watoto wengi wa barabarani walifukuzwa kwao kwa neno hilo moja. Tena tukumbuke kwamba kulea kwa muda si sawa na kumfanya mtoto kuwa mwana wako mbele ya sheria. Hilo la pili lina kanuni zake katika Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, na linahitaji hukumu ya mahakama.

Tangu vita vya 1996 na 1998, jamaa nyingi za Kivu na Ituri zimewapokea watoto waliotengwa na wazazi, na vijana waliotoka katika vikosi vya silaha. Wamekaa nao mpaka Msalaba Mwekundu au watumishi wengine wakapata habari za wazazi. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma na Bukavu, watu walikimbia tena, na watoto wakapotea tena katika msongamano. Wengi wa walezi hao hawana mali. Wana mkeka wa ziada, au hawana, wanausogeza ule uliopo.

KWA ANAYETAKA KUWA MLEZI

Basi, msomaji, ikiwa wewe na mwenzako mnafikiri kumpokea mtoto, historia inawapa mashauri haya.

Kwanza, msimpokee kwa siri. Mpeni habari mkubwa wa mtaa, padri wa parokia, watu wa Karitasi, na mtumishi wa serikali anayeshughulikia mambo ya watoto. Wacheni waje waione nyumba. Hilo si dharau. Ni ulinzi wa mtoto, na ni ulinzi wenu pia. Rumonge ilikosa mtu wa kuamua, ninyi mnaye.

Pili, andikeni siku ile ile mambo yote anayoyajua mtoto: jina lake, jina la baba na mama, kijiji, mto, shule, kanisa, wimbo aliozoea kuimbiwa, nguo aliyovaa. Mtoto mdogo husahau upesi. Karatasi hiyo yaweza kuwa njia yake ya kurudi kwao. Wala msimbadilishie jina.

Tatu, zungumzeni na watoto wenu kabla hajaja. Nao wanatoa sadaka: nusu ya kitanda, sehemu ya nyama, sehemu ya mapenzi ya mama. Wakielewa, watamwita ndugu. Wasipoelewa, watamwita mgeni, naye atasikia.

Nne, pimeni kwa kipimo kimoja. Wenu wakienda shule, naye aende. Wenu wakiteka maji, naye ateke, wala si yeye peke yake. Kumpokea mtoto ili mpate mtumishi ni kuurudisha utumwa kwa mlango wa nyuma. Msaada wa unga au blanketi ukitolewa kwa ajili yake, ni wake.

Tano, mwacheni adeke. Mtoto aliyeona vita hukojoa kitandani, huiba chakula na kukificha, hukasirika bila sababu. Kijana aliyebeba bunduki hujua kuamuru kuliko kutii, naye huona haya kulia. Msimwulize-ulize habari za porini. Atazisema siku atakayoona kwamba hamtamfukuza. Mpeni kazi ya mikono, mpeni shule, mpeni muda. Akizidi nguvu zenu, ombeni msaada mapema. Kulea mimba si kazi. Kazi kulea mwana.

Sita, na hili ndilo gumu kuliko yote: jitayarisheni kuachana naye. Siku mama yake akionekana, msijifiche. Mfungieni nguo zake, mchinjieni kuku, mwendeni naye mpaka njia panda. Mtalia, na ni vema mlie. Mlezi asiyelia hakupenda; mlezi anayemzuia hakupenda pia.

MOSE NA YOSEFU

Katika Maandiko Matakatifu tunasoma habari za binti Farao aliyemtoa mtoto Mose mtoni. Alimlea kama mwanawe katika nyumba ya kifalme. Lakini Mungu alipanga kwamba anyonyeshwe na mama yake mwenyewe, na alipokua akatoka kwenda kuwatazama ndugu zake. Kwa sababu hakuwasahau watu wake, aliweza kuwatoa utumwani.

Tena tunaye Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa fundi wa mikono. Alimlea Mtoto asiye wake, akamkimbiza usiku mpaka Misri, kama watu wetu wanavyokimbia na watoto migongoni. Alimfundisha kazi. Alijua kutoka mwanzo kwamba Mtoto yule ana Baba mwingine, na kwamba siku moja atakwenda katika mambo ya Baba huyo. Hakumpenda kidogo kwa sababu hiyo.

Turudi sasa jikoni kwetu. Moto umefifia, mtoto amelala, na mke na mume bado wanaulizana: Mtoto huyu ni wa nani? Wajibu hivi: Ni wa mama yake anayemtafuta. Ni wa ukoo wake. Ni wa Mungu kuliko wote. Nasi tumekabidhiwa kama amana, na mwenye amana huitunza vizuri kuliko mali yake mwenyewe, maana anajua ataulizwa.

Kisha mume asogeze mkeka, mke amfunike mtoto nguo. Kesho asubuhi wamwambie katekista: «Akae.»